Je, wajua kwa nini shina la mahindi hukatwa jembamba kuliko unywele kabla ya kutazamwa kwa hadubini?

Ukikata shina changa la mahindi kipande kinene kama sarafu na kukiweka chini ya hadubini, utaona giza tu lenye ukingo wa kijani. Shina hilohilo likikatwa vizuri na kutiwa tone la rangi, linaonyesha vifungu vya mishipa vilivyotawanyika kila mahali, na kila kifungu kina sura ya nyani: mirija miwili mikubwa ya zailemu, tishu inayopandisha maji, ni macho, uwazi ulio chini yake ni mdomo, na floemu, tishu inayosafirisha chakula, ni paji la uso. Tofauti yote imo kwenye unene.

Hadubini ya kawaida hutumia mwanga unaopenya kitu. Taa iko chini, jicho liko juu, na kinachozuia mwanga huonekana cheusi. Lakini hata kipande kinachopenyeza mwanga kinaweza kukuangusha. Lenzi ya 40x, yaani inayokuza mara 40, huona kwa usahihi tabaka lenye unene wa takriban mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Seli nyingi za mimea zina upana wa mikromita 10 hadi 100. Kipande cha nusu milimita kina matabaka kadhaa ya seli yaliyolaliana, na kila tabaka lisilo kwenye fokasi hutia ukungu juu ya lile unalolitafuta. Kwa mkono, unene wa mikromita 20 hadi 50 ni lengo zuri sana. Unywele wa mtu una kama 50 hadi 100.

Wembe wa kawaida wenye makali pande mbili unatosha, ila uwe mpya. Bandika utepe wa gundi upande mmoja ili usijikate. Wembe butu haukati seli, huziponda, na kuta zilizopondwa hujikunja na kuonekana kama michirizi isiyo na maana. Shina gumu humaliza makali haraka, kwa hiyo kila baada ya vipande kumi hivi sogea sehemu nyingine ya wembe.

Sampuli laini huhitaji kushikiliwa. Wazungu wa zamani walitumia moyo wa shina la mti uitwao elder. Kwetu karoti inafanya kazi hiyo vizuri, na moyo mweupe wa shina la muhogo pia ni laini vya kutosha kujaribiwa. Kata kipande cha karoti cha sentimita 3, kipasue katikati kwa urefu, kisha bana humo ukanda wa jani wenye upana wa milimita 5. Shina changa la mahindi halihitaji karoti, ila ni pana mno kukatwa lote kwa mkupuo mmoja. Lipasue kwa urefu sehemu nne na ufanye kazi na robo moja.

Shika sampuli wima kati ya kidole gumba na cha shahada, gumba likiwa chini kidogo ili lisiwe kwenye njia ya wembe. Viwiko vibane mbavuni, mikono itulie. Kwanza sawazisha uso wa juu kwa mkato mmoja, kisha ulowanishe uso huo na wembe kwa maji. Sasa vuta wembe kuelekea kwako kwa mshazari, uteleze kutoka ncha moja hadi nyingine. Usiukandamize kama unayekata sabuni. Kosa hili ndilo linaloharibu vipande vingi vya wanaoanza: wembe unaosukumwa moja kwa moja huzama ndani ya shina, na kipande kinatoka kinene upande mmoja.

Usihangaike kupata duara kamili. Kipande chenye umbo la kabari, kinene huku na chembamba kabisa huku, ni hazina, kwa sababu ule ukingo mwembamba ndio utakaoonyesha seli moja moja. Kata vipande 20 bila kusimama, viangushe kwenye kisahani cha maji, kisha uvichague kwa brashi laini ya kuchorea. Kilicho bora ni kile ambacho karibu hukioni majini. Kinachoonekana cheupe au kijani kikiwa bado kisahanini ni kinene. Na ikiwa mirija ya zailemu inaonekana kama mayai badala ya duara, wembe wako uliinama badala ya kulala sawasawa. Geuza mkono, si hadubini.

Hapo tatizo linageuka. Kipande kilichokuwa giza sasa kinapitisha mwanga kupita kiasi. Ukuta wa seli wenye selulosi hauna rangi, nao hupinda mwanga kwa kiasi kisichotofautiana sana na maji yanayouzunguka, hivyo jicho halipati pa kushika. Kufunga kidogo kilango cha mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini huongeza kivuli kwenye kingo, na ni vyema ujaribu hilo kwanza. Robert Hooke, aliyeeleza vyumba vidogo vya gome la koki mwaka 1665 na kuviita seli, hakuwa na rangi za kutia. Aliweka kipande chake juu ya kibao cheusi na kukimulika kutoka juu ili weupe wake uonekane. Rangi za viwandani zilianza kupatikana baada ya William Perkin kutengeneza rangi ya zambarau mwaka 1856.

Rangi haipaki tu. Kila moja hushika kemikali fulani, kwa hiyo kuchagua rangi ni kuchagua swali. Anayeanza na awe na toluidini bluu ikiwa anaweza kuipata. Yeyusha gramu 0.05 katika mililita 100 za maji. Molekuli zake zina chaji chanya na hung'ang'ania chaji hasi zilizo kwenye kuta. Penye pektini nyingi, ile inayoshikanisha seli, zinajipanga karibu karibu na rangi inageuka kuwa ya zambarau au waridi. Penye lignini, ile inayoyapa mbao ugumu wake, zinabaki bluu inayoelekea kijani. Chupa moja, dakika moja, majibu mawili: kwenye mahindi macho ya nyani yanakuwa bluu-kijani, na paji la uso zambarau.

Safranini hushika lignini kwa wekundu mkali. Gramu 1 katika mililita 100 za spiriti ya asilimia 50 inatosha. Acha dakika 3 hadi 5, suuza kwa maji, kisha pitisha kwenye spiriti ya asilimia 50 hadi kuta laini zipoteze wekundu. Usiposuuza kwa spiriti kila kitu kitabaki chekundu na hutajua lignini iko wapi.

Vyote hivi visipopatikana, nenda duka la dawa. GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, nayo hushika kuta zenye lignini. Ni kali mno ikitumiwa ilivyo: anza na tone 1 kwa matone 20 ya maji, dakika moja, kisha usuuze kwa spiriti. Iodini nayo, sehemu moja kwa kumi ya maji, hugeuza wanga kuwa bluu-nyeusi. Ijaribu kwenye jani la mahindi lililochumwa alasiri ya jua: wanga utauona zaidi kwenye seli kubwa zilizoizunguka mishipa kama pete, si kwenye jani zima, kwa sababu mahindi hutengeneza wanga wake ndani ya pete hizo.

Kijani cha jani kikizidi na kuficha kuta, loweka vipande dakika 5 hadi 10 kwenye dawa ya kung'arisha nguo yenye sodiamu haipokloraiti, kama Jik, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Baada ya hapo suuza mara tatu au nne kwa maji safi. Mabaki ya dawa hiyo hula rangi utakayotia, na utabaki ukilaumu rangi bure. Usifanye hivi kabla ya iodini, maana dawa hiyo huondoa vilivyomo ndani ya seli, na iodini yenyewe hupaushwa na mabaki yake.

Kutia rangi kwenyewe ni kazi fupi. Fanyia kwenye kisahani, si juu ya slaidi (kibao cha kioo cha kuwekea sampuli), ili rangi ifike pande zote. Suuza hadi maji yasitoke na rangi. Weka tone la maji kwenye slaidi, tandaza kipande kimoja au viwili, kisha laza kioo cha kufunikia kuanzia ukingo mmoja na ukishushe polepole kama unayefunga kitabu, ili hewa itoroke upande wa pili. Ukiona duara lenye ukingo mweusi mnene, hicho ni kiputo cha hewa, wala si seli. Hewa iliyonaswa ndani ya tishu yenyewe hutolewa kwa kuloweka kipande dakika chache kwenye spiriti ya asilimia 70 kabla ya rangi.

Anza kutazama kwa lenzi ya 4x na utafute ule ukingo mwembamba wa kabari. Kwenye 40x shusha fokasi kwa skrubu ndogo pekee. Kioo cha kufunikia huvunjika kirahisi, na lenzi ikikwaruzwa hairudi.

Kwenye maji slaidi hukauka ndani ya saa moja au chini. Ukitaka idumu siku kadhaa, badala ya maji tumia glisirini iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, futa inayomwagika kwa karatasi laini, na uzibe kingo kwa rangi ya kucha mara mbili. Glisirini hufifisha toluidini bluu taratibu, kwa hiyo piga picha siku hiyohiyo. Safranini huvumilia zaidi.