Nyaraka za Muundo wa Hifadhidata: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wengi huamini kwamba programu kama SchemaSpy, ikishaunganishwa na hifadhidata, hutoa nyaraka kamili bila mtu kuandika neno. Ukweli ni kwamba programu hiyo husoma katalogi, yaani majedwali ya ndani ambamo mfumo hutunza habari za majedwali mengine, na katalogi hujua umbo tu. Chukua jedwali la malipo lenye safu iitwayo hali: ripoti itakueleza kuwa safu hiyo ni ya namba kamili na kwamba haiwezi kuachwa tupu, lakini haitakueleza kuwa 2 ni malipo yaliyorudishwa kwa mteja, na hilo ndilo analolitafuta mhasibu. Maana hiyo sharti iandikwe na mtu, na mahali pake panapofaa ni ndani ya hifadhidata yenyewe:

COMMENT ON COLUMN malipo.hali IS '0 yanasubiri, 1 yamekamilika, 2 yamerudishwa';

Amri hiyo inakubalika katika mifumo ya hifadhidata ya PostgreSQL na Oracle. Katika MySQL, mfumo mwingine wa aina hiyo, maelezo huandikwa pale safu inapotangazwa, nayo hayazidi herufi 1,024.

Dhana nyingine, ambayo kwa maoni yangu ina madhara zaidi, ni kuwa mchoro wa majedwali unaotolewa na programu hiyo huonyesha uhusiano wote uliopo. Mistari ya mchoro hutokana na funguo ngeni zilizotangazwa, yaani matamko kuwa safu ya jedwali moja hurejelea jedwali jingine, na si kila mbunifu huzitangaza. Isitoshe, MyISAM, iliyokuwa injini ya kawaida ya MySQL, yaani sehemu inayohifadhi data, kabla ya toleo la 5.5, hupokea tamko la ufunguo ngeni kisha hulipuuza bila kulalamika, ndiyo maana hifadhidata nyingi za zamani huchorwa kama visiwa visivyo na kivuko. SchemaSpy hujaribu kukisia uhusiano huo kwa kulinganisha majina na aina za safu, ila makisio hayo yanahitaji kuthibitishwa, kwa mfano kwa kuhesabu malipo ambayo namba yake ya mteja haimo katika jedwali la wateja.

Wapo pia wanaodhani kuwa maelezo hulindwa pamoja na jedwali lake. Katika PostgreSQL sivyo: yeyote aliyeunganishwa na hifadhidata anaweza kuyasoma maelezo yote yaliyomo, hata ya majedwali asiyoruhusiwa kuyafungua, kwa hiyo nywila na siri za wateja zisiandikwe humo.