Je, kampuni mbili za magari zinazoyumba zikiungana, zinapona?

Kwa miaka mingi mtu wa Nairobi akisema "nimekuja na Nissan", hakuna aliyedhani amenunua gari. Alikuwa amepanda matatu ya abiria 14, na hata kama matatu yenyewe ni Toyota, jina lilikuwa hilohilo. Kampuni ambayo jina lake limekuwa neno la mtaani kiasi hicho, ni vigumu kuifikiria ikitafuta wa kuiokoa. Lakini tarehe 23 Desemba 2024 Nissan na Honda, wapinzani wa miongo mingi huko Japani, zilitia saini makubaliano ya kuzungumzia kuungana chini ya kampuni mama moja ifikapo Agosti 2026. Mitsubishi nayo ilikuwa pembeni ikipima kama iingie. Tarehe 13 Februari 2025, hata miezi miwili haijatimia, mazungumzo yakavunjika.

Kwa nini zilitaka kuungana? Jibu liko kwenye hesabu ya kiwanda. Gari jipya hula pesa nyingi kabla hata moja halijauzwa: wahandisi hulipwa kwa miaka, kalibu za kukandamizia bodi huchongwa, mitambo hufungwa, magari ya majaribio hugongeshwa ukutani. Ukiuza magari 500,000, kila moja hubeba kipande kidogo cha gharama hizo. Ukiuza 50,000, kila moja hubeba mara kumi. Kiwanda nacho ni vilevile. Kilichojengwa kutoa magari 300,000 kwa mwaka kikitoa nusu yake, riba ya benki haipungui nusu, wala umeme na walinzi.

Nissan ilikuwa imefika hapo. Novemba 2024 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 9,000 na asilimia 20 ya uwezo wake wa kuzalisha. Honda haikuwa mahututi, kwa sababu pikipiki zake zinaiingizia faida nzuri, lakini upande wa magari ilikuwa ikipoteza wateja China, ambako kampuni ya Kichina ya BYD na wenzake walikuwa wakilimeza soko kwa magari ya umeme. Ukijumlisha Honda, Nissan na Mitsubishi, ungepata kundi linalouza zaidi ya magari milioni 8 kwa mwaka, la tatu duniani baada ya Toyota na Volkswagen. Gharama za betri, za programu za kompyuta na za kiunzi cha chini kinachobeba injini na magurudumu zingegawanywa kwa magari mengi zaidi.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba kujumlisha peke yake hakuokoi hata senti. Viwanda viwili vilivyojaa nusu, vikiwekwa chini ya bendera moja, bado ni viwanda viwili vilivyojaa nusu. Pesa huokolewa siku kimoja kinapofungwa na kazi yake kuhamia kingine, au siku injini mbili za ukubwa mmoja zinapobaki moja. Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza nikisikia muungano wa namna hii ni moja tu: kisu atashika nani?

Waingereza walilipata jibu lao kwa uchungu. Mwaka 1968, kwa kusukumwa na serikali ya Harold Wilson, Leyland Motors iliunganishwa na British Motor Holdings, ikazaliwa British Leyland. Ndani ya nyumba hiyo moja mlikuwa na Austin, Morris, MG, Jaguar, Rover, Triumph, na Land Rover ambayo Afrika Mashariki tuliijua vizuri kwa sababu ndiyo ilikuwa ikipita pale ambapo barabara haipo. Leyland walikuwa na nguvu kwenye malori na mabasi, wenzao walikuwa na magari madogo mengi yasiyowaletea faida ya maana.

Lakini kila jina liliendelea kuishi kama ufalme. Mfano unaonikera kila nikiukumbuka ni wa Triumph Stag, iliyotoka mwaka 1970. Ndani ya kampuni hiyohiyo Rover walikuwa na injini nzuri ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 3.5, nyepesi na iliyokwisha kuzoeleka. Triumph wakaweka V8 yao wenyewe ya lita 3, na ikajulikana kwa jambo moja kubwa: kuchemsha. Fundi yeyote anajua maana ya injini inayochemsha kila mara. Injini mbili za V8, bajeti mbili, timu mbili, kampuni moja. Kufikia mwaka 1975 ilibidi serikali iichukue British Leyland isizame kabisa. Kisu kilikuwepo, ila hakuna aliyepewa ruhusa ya kukitumia mapema: kila kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wake, na kila jina lilikuwa na mashabiki wake.

Sasa tazama Fiat na Chrysler. Januari 2009, mgogoro wa fedha ukiwa umeikaba dunia, Fiat ya Italia ilitangaza ushirika na Chrysler ya Marekani. Wengi walishangaa. Miaka michache nyuma Fiat yenyewe ilikuwa hoi, na mwaka 2005 General Motors walikubali kulipa takriban dola bilioni 2 ili tu wasilazimishwe kuinunua. Chrysler kwa upande wake ilikuwa imetoka kwenye ndoa mbaya na Daimler ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1998 na kuvunjika 2007. Wagonjwa wawili, basi. Lakini magonjwa yao hayakufanana. Fiat ilikuwa na injini ndogo na magari madogo, na ilikuwa imara Brazili, Marekani haikuwepo. Chrysler ilikuwa na Jeep na pikapu za Ram, ila injini ndogo za kisasa haikuwa nazo.

Na kisu? Kilishikwa na mahakama. Chrysler iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi tarehe 30 Aprili 2009, na tarehe 10 Juni ikatoka ikiwa kampuni mpya, Fiat ikiwa na asilimia 20 bila kutoa pesa taslimu. Ilichotoa ni teknolojia yake na uongozi wa bosi wake, Sergio Marchionne. Ndani ya siku hizo 41 wauzaji 789 walikatiwa mikataba. Kwa familia zilizokuwa na duka la Chrysler mjini kwao tangu enzi za babu, ulikuwa msiba, na sitaki kuupunguza. Ila katika wiki chache yalifanyika yale ambayo kwa mazungumzo ya kawaida yangechukua miaka.

Matunda yake unaweza kuyaona Melfi, kusini mwa Italia. Kuanzia mwaka 2014 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa Jeep Renegade na Fiat 500X, ndugu wawili waliovaa bodi tofauti juu ya kiunzi kimoja. Jina la Kimarekani likajaza kiwanda cha Kiitaliano, na mwaka huohuo Jeep kwa mara ya kwanza ikauza zaidi ya magari milioni moja kwa mwaka. Si kila kitu kilienda vizuri. Dodge Dart, sedani ya Chrysler iliyojengwa juu ya kiunzi cha Alfa Romeo ya Fiat, haikupendwa, na ikaachwa mwaka 2016. Kugawana vyuma hakumlazimishi mteja kununua.

Nissan yenyewe iliwahi kuokolewa hivyo. Mwaka 1999 Renault ya Ufaransa ilinunua asilimia 36.8 ya hisa zake, wakati Renault nayo ilikuwa haijapoa vizuri: miaka miwili kabla ilikuwa imefunga kiwanda chake cha Vilvoorde, Ubelgiji. Carlos Ghosn, kigogo wa Renault, alipelekwa Tokyo, na Oktoba mwaka huo akatangaza kufunga viwanda vitano na kupunguza watu 21,000. Alikuwa mgeni. Hakuwa na deni la fadhila kwa msambazaji yeyote wa vipuri, wala hakuwa amekua na mameneja aliowaondoa. Mwaka uliofuata Nissan ilirudi kwenye faida.

Ukirudi Desemba 2024 ukiwa na mifano hii mkononi, Honda na Nissan zinaonekana kwa sura nyingine. Magonjwa yao yalifanana mno. Accord ya Honda inashindana na Altima ya Nissan, Civic na Sentra, CR-V na Rogue, mara nyingi kwenye mtaa uleule wa maduka ya magari Marekani. Nissan ilikuwa na magari makubwa ya fremu kama Patrol, ambayo Honda haina, na hilo si dogo. Lakini kwa sehemu kubwa muungano ungemaanisha kuchagua: gari hili libaki, lile life.

Ndipo swali la kisu likafika mezani. Mpango wa awali ulisema kampuni mama ya pamoja, ingawa Honda ndiyo ingeteua wakurugenzi wengi na rais. Kisha Honda, ikiona mageuzi ya Nissan yanasuasua, ikapendekeza Nissan iwe kampuni tanzu yake kabisa. Nissan ikakataa. Ninaielewa heshima waliyokuwa wakiilinda, na bado naamini Honda ilikuwa sahihi kudai vile: bila mamlaka hayo ingekuwa inabeba hasara za mwenzake bila uwezo wa kuzizuia.

Kilichosalia ni ushirikiano mdogo wa magari ya umeme na programu zake, ambao hauhitaji yeyote kufunga mlango wa mwenzake. Nissan ilipata bosi mpya, Ivan Espinosa, Aprili 2025, na yeye akaongeza idadi ya watakaopunguzwa hadi 20,000 na kusema viwanda 17 vitabaki 10. Julai ikatangazwa kwamba Oppama, kiwanda cha Yokosuka kilichofunguliwa mwaka 1961 na ambako gari la umeme la Leaf lilianza kutengenezwa, kitaacha kuunda magari mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2027, na kazi yake itahamia Kyushu.