Taa za zambarau, AC na yuniti za Tukuza: maneno ya madukani na ukweli wa kulima ndani ya chumba

Siku hizi kila mwenye chumba kisicho na mpangaji anataka kukigeuza shamba, rehani na saladi za kuuzia mahoteli ya Nungwi na Paje, miche ya pilipili boga, wengine maua yao ya ndani tu. Sawa, hakuna ubaya. Tatizo ni maneno yanayozunguka, mtu anaambiwa habari nusu, ananunua taa, halafu yuniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiisha kabla ya wiki anasema mita mbovu.

Dhana: mimea inataka taa ya zambarau, nyeupe haifai.

Hii imeshika mpaka basi. Ukweli ni kwamba jani linapenda sana nyekundu na buluu, na hapo ndo stori ilipoanzia, lakini kijani nacho linakitumia, tena ndo kinachopenya zaidi kufika majani ya chini. LED nyeupe ya kawaida ina rangi zote hizo ndani yake na rehani inaota vizuri tu. Halafu kuna jambo wauzaji hawakwambii, chini ya zambarau majani yote yanaonekana meusi, jani limeanza unjano hulioni, vidukari wamejaa upande wa chini huwaoni, unakuja kushtuka mche umeshajikunja. Anaeanza achukue nyeupe, basi.

Dhana: boksi limeandikwa wati 1000, kwa hiyo ni wati 1000.

Yakhe, hizo ni za boksi. Wengi wanajumlisha nguvu ya kila kitaa kama vingesukumwa mpaka mwisho, au wanamaanisha "sawa na" taa fulani ya zamani, na taa yenyewe inaweza kuvuta wati 100 tu. Kujua ni rahisi na hulipi mtu. Zima kila kitu nyumbani, friji chomoa, washa ile taa peke yake, kasimame mbele ya mita uangalie kile kitaa kidogo kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa yuniti moja, na kama ni 1000 imp/kWh basi hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofata, chukua 3600 ugawe kwa hizo sekunde. Ukipata sekunde 36, taa inavuta wati 100. Ukipata 9, ni wati 400. Mita yako ikiwa na namba nyengine, jibu lako lizidishe kwa 1000 kisha ugawe kwa hiyo namba. Ukishajua wati, mengine ni hesabu za skuli: wati 200 kwa masaa 16 ni yuniti 3.2 kwa siku, kwa siku 30 ni 96, na hapo hujawasha feni wala pampu ya maji.

Dhana: chumba changu kina dirisha kubwa, panang'aa, taa ya nini.

Jicho linajirekebisha ndo maana linadanganya. Nje saa sita mchana jua letu linafika kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), ila ukiingia ndani mita mbili kutoka dirishani unakuta mia chache tu, khasa kwenye nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene na vichochoro vyembamba. Saladi inataka kama laksi 10,000 mpaka 15,000 kwa masaa mengi. Programu ya simu ya kupimia mwanga inakupa picha nzuri ukiwa na taa nyeupe, kwenye zambarau usiiamini maana laksi imepangwa kwa jicho la mtu, si kwa jani. Na kuta pigeni rangi nyeupe isiyong'aa, inarudisha mwanga mwingi, mambo ya kubandika foili ya jikoni karibu na waya waachieni wenyewe.

Dhana: LED haina joto.

Hapa ndo pesa za watu zinapopotelea. LED inavuta umeme mdogo kwa mwanga uleule, hiyo kweli, na haikuchomi ukiisogelea kama taa za zamani. Lakini kila wati inayoingia chumbani inaishia kuwa joto, hata ile iliyotoka kama mwanga, ikishapiga ukuta na jani inageuka joto, mmea unaweka kidogo mno kama chakula. Kwa hiyo taa za wati 400 ni kama umefungia watu wanne mle ndani, wanapumua, hawatoki. Chumba chenyewe paa la bati, dirisha limezibwa, mwezi wa pili, kaskazi. Mtu anaweka feni ya kutoa hewa na anashangaa haipoi, sasa kama nje ni nyuzi 32 feni itavuta hewa ya wapi? Haiwezi kushusha chini ya hapo hata iwe kubwa vipi. Na mbegu nyingi za saladi zinagoma kuota joto likizidi nyuzi 30.

Basi wanakimbilia AC. AC ndogo ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu yake ya kupoza) inavuta kama wati 800 kompresa ikiwa inafanya kazi, tuseme inafanya kazi masaa 8 kwa siku, hizo ni yuniti 6.4, yaani mara mbili ya zile taa za wati 200 zenyewe. Dawa ya kwanza haina gharama: taa ziwake usiku. Seti taima saa 12 jioni mpaka saa 4 asubuhi, masaa 16 yametimia, na joto la taa halikutani na joto la mchana. Mimi kwa maoni yangu tungule chumbani huku kwetu ni kujitafutia hasara, tungule zinataka mwanga mwingi mno na jua la bure lipo nje, chumba kiachieni miche, rehani na majani madogo ya kukata mapema.

Dhana: ukiwasha masaa 24 vinakua haraka.

Tungule ukiziwashia bila kuzima majani yanapata unjano na kudhoofika. Kotmiri siku ikiwa ndefu, na joto juu yake, inakimbilia kutoa maua na majani yanakwisha. Hata ukiwasha usiku, wacheni mimea ipate masaa yake ya kiza.

Dhana: breka ikianguka, weka kubwa zaidi.

Hapana, hapana. Breka inalinda waya uliomo ukutani, ukiweka kubwa waya ndo unakuwa fyuzi, na unawakia ndani ya ukuta. Plagi ya 13A kwa volti 230 inafika kama wati 3,000 kwenye karatasi, ila mzigo wa masaa 16 kila siku si sawa na pasi ya dakika kumi. Ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu lake ifungueni yote, inapika. Chumvi ya huku nayo inakula shaba, soketi inalegea, inapata joto, kwa hiyo baada ya masaa mawili shika plagi, ikiwa moto badilisha soketi kabla hujaanza kunusa plastiki. Na palipo na maji muulize fundi akuwekee ile breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30, hiyo ndo inakulinda wewe, ya kawaida haikujui. Adapta zisikae sakafuni, na waya uache uning'inie chini ya soketi kidogo ndo upande, maji yadondokee hapo.

Dhana: umeme ukikatika mimea inakufa, kwa hiyo inveta ya kuwashia taa.

Umeme wetu wa Zanzibar unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kupitia Fumba na Pemba kutokea Tanga, na waliokuwepo wanakumbuka 2008 karibu mwezi mzima kiza, kisha Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Tokea 2013 tuna waya mkubwa wa megawati 100, lakini kukatika kwa masaa bado kupo. Mmea hauna shida na kiza cha siku moja. Kwa wanaolima kwenye maji bila udongo, kinachoua ni pampu kusimama, mizizi iliyo kwenye mabomba yanayopitisha maji kidogo kidogo inakauka kwa masaa machache kwenye joto letu, na iliyozama kwenye ndoo inakosa hewa. Betri ya volti 12, 100Ah, ya asidi, ukiitumia nusu isife mapema inakupa kama wati 600 za saa moja: taa za 400 zinaimaliza kwa saa moja na kitu, pampu ya wati 20 inakwenda zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo betri ni ya pampu, na taa zipitisheni kwenye kile kidude cha kulinda friji, umeme ukirudi zisubiri dakika chache ndo ziwake.