"Hakufia kazini, alifia njiani"

Wiki iliyopita mjane mmoja kutoka Kibosho alikaa ofisini kwangu hapa Moshi, akaniambia ukoo umemshauri aache kufuatilia fidia ya kifo cha mumewe. Marehemu, dereva wa watalii, aliwashusha wageni Karatu, akapata ajali karibu na Makuyuni akirudi. "Bosi anasema gari lilikuwa tupu, kazi ilishaisha. Hakufia kazini, alifia njiani."

Nimeyasikia mno maneno haya, na hayana mashiko. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haiulizi kama marehemu alikuwa ndani ya geti la mwajiri. Inauliza kama ajali ilitokana na kazi na ilitokea akiwa katika kazi. Kwa aliyetumwa, safari ndiyo kazi yenyewe. Na dereva aliyetumwa Karatu hakutumwa akabaki huko. Kurudi na gari tupu ni sehemu ya kutumwa. Ni hivyo hivyo kwa mhasibu aliyepanda basi kwenda kikao cha kazi Dodoma, na kwa mpagazi aliyebebwa na gari la kampuni kwenda Geti la Machame. Ubishi wa kweli huanza pale mtu anapoiacha safari ya mwajiri kwa shughuli zake, tuseme akilala Mto wa Mbu siku mbili kwa harusi ya rafiki.

Kwa hiyo ushahidi wa kutumwa ndio roho ya madai, na hapa ndipo ninapopandisha sauti. Mtu akifariki, akili zote huenda kwenye jeneza, usafiri na kaburi kule kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wiki moja baadaye simu yake imeshafutwa kila kitu, kapewa mdogo wake. Ndani ya simu ile kulikuwa na ujumbe wa bosi: "Toka saa kumi na moja, wageni wawili." Ujumbe huo, risiti ya mafuta, muamala wa posho na ripoti ya polisi vina uzito kuliko majirani kumi wanaoapa. Nawasihi, simu ya marehemu isiguswe.

Ziko na hoja nyingine ninazoletewa. "Dereva ndiye aliyekosea." Fidia hii haisubiri mwajiri apatikane na hatia, na uzembe wa kawaida wa dereva haufuti haki ya watoto wake.

"Mwajiri hachangii Mfuko," yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Hilo ni kosa lake, si la marehemu. Mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Pelekeni madai.

"Hela ni ya ukoo, igawiwe kikaoni." Hapana. Pensheni ya kila mwezi ni ya wategemezi, kwanza mjane au mgane na watoto. Shemeji anayetaka ipitie kwake aambiwe hivyo mbele ya watu.

"Tumalize msiba kwanza." Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari, na ajali isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea.

Yule mama alinijia miezi 9 baada ya mazishi. Simu ya mumewe ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti lake, imezima. Tuliichaji pale pale ofisini, na ujumbe wa safari ulikuwepo.