Hatari ya data huanzia kwa anayeiomba

Katikati ya mwaka 2023, watu walifurika katika jumba la KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho na watu wa Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali. Waliahidiwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba. Hapakuwa na mdukuzi wala nywila iliyoibwa. Kosa lilikuwa katika kuzikusanya: tathmini ya athari, yaani kupima mapema madhara ambayo matumizi ya data yanaweza kuwaletea watu, haikufanywa inavyotakiwa, na ridhaa ya watu ilipatikana kwa kuwavutia na pesa.

Nashauri kampuni kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kila mara wakubwa wa ofisi hutaka tuanze na mitambo ya kuzuia wadukuzi. Mimi hutaka kwanza kuona fomu zao. Data ambayo hukuichukua haiwezi kuibwa kwako.

Tazama daftari la wageni katika jengo lolote la ofisi mjini. Askari wa mlangoni anataka jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa uliyoingia. Anayekuja nyuma yako anaandika chini ya jina lako huku akisoma mistari yote ya juu. Jioni binti wa watu anapokea ujumbe kutoka kwa mwanamume asiyemjua, na hajui nambari yake ilitokea wapi. Daftari likijaa, linatupwa stoo. Sheria inasema data iwe ile tu inayohitajika kwa lengo lililotajwa. Ikiwa lengo ni kujua nani yumo ndani moto ukizuka, jina na ofisi anayoiendea vinatosha. Nimewasihi wateja wafute safu ya simu. Baadhi wamekubali, wengine hunijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kifungu cha 30 kinaorodhesha sababu halali za kutumia data ya mtu, na mazoea hayamo.

Serikali nayo imebanwa na swali hilo hilo la ukusanyaji. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, mpango wa serikali wa utambulisho wa kidijitali, ulikwenda kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari haikutangulia. Uamuzi huo naupenda sana, maana unalazimisha kufikiri kabla ya kukusanya.

Data ikishavuja, kampuni ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Ni muda mfupi kwa kampuni isiyojua hata ilikuwa na data gani.

Kinachoniudhi ni adhabu. Mwaka 2023 Kamishna alizitoza faini kampuni ya mikopo ya simu iliyowatishia watu kwa kutumia nambari zilizotoka kwa wengine, klabu iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Shule ilitozwa shilingi 4,550,000, karibu na kikomo cha sheria. Kikomo hicho ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo shule huumia, na kampuni yenye mauzo ya mabilioni haiwezi kutozwa faini ya zaidi ya milioni 5, hata ikivujisha data za nusu ya nchi. Bunge libadilishe maneno hayo yawe "ile iliyo kubwa".

Kwa sasa, tumia haki uliyo nayo. Malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokelewa bila malipo, hata kupitia mtandao, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90. Weka picha za ujumbe uliotumiwa, tarehe, na jina la kampuni unayoilalamikia.