Mgeni na kiwanja cha ufuoni: yanayosemwa na sheria ya Kenya

Kuanzia Diani hadi Watamu na Malindi, husikika kwamba asiye raia hawezi kabisa kumiliki ardhi nchini Kenya. Si kweli. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu kumiliki kwa kukodi pekee, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkataba ukidai kumpa haki kubwa zaidi, sheria huuhesabu kuwa umempa miaka 99 tu, kwa hiyo anayelipa bei ya umiliki wa kudumu hununua asichoweza kupata. Wageni waliokuwa na umiliki huo kabla ya Katiba nao waligeuziwa haki zao kuwa za muda huohuo.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni ya kampuni: sajili kampuni Nairobi, tafuta Mkenya wa kushika hisa nyingi, kisha nunua utakacho. Madalali huieleza kwa ujasiri usio na msingi. Katiba huitambua kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia; katika kampuni yenye hisa 1,000, hisa moja ya mgeni inatosha kuifanya yote isihesabiwe kuwa raia. Njia ya kuandikisha ardhi kwa jina la rafiki Mkenya anayeishika kwa niaba ya mgeni nayo imezibwa, kwa kuwa mali ya amana huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu wanaofaidika nayo wote ni raia. Rafiki huyo akigeuka, hatimiliki ina jina lake.

Ndoa nayo haimpi mtu uraia papo hapo; mwenzi mgeni anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia baada ya miaka saba ya ndoa.

Shamba la kilimo lina masharti yake. Katika maeneo yanayosimamiwa na bodi ya ardhi, uuzaji na hata ukodishaji huhitaji idhini ya bodi, nayo inatakiwa kukataa kuitoa ikiwa anayepewa shamba si raia, isipokuwa Rais ametoa msamaha wa sharti hilo.

Kinyume chake, wapo Wakenya walioko ughaibuni wanaodhani kwamba pasipoti ya Uingereza au Marekani imewageuza wageni. Tangu 2010, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine, na aliyeupoteza kabla ya hapo anaweza kuomba arudishiwe. Ni vyema afanye hivyo kabla ya kutia saini mkataba wa ununuzi.