Hakuna mtoto "wa macho" wala "wa masikio"

Katika mikutano ya wazazi hapa Nairobi, iwe Kayole au Kawangware, kauli hii haikosi: "Mwalimu, wangu ni wa kuona, akisikiliza tu hashiki kitu." Wa jirani ni wa kusikia, wa yule ni wa vitendo. Hata walimu hodari wanaiamini.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwepo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto anayefundishwa kwa "mtindo wake" hujifunza zaidi. Watoto wana njia wanazozipenda, sikatai, ila kupenda si kuelewa.

Kinachoamua njia ni kile kinachofundishwa. Ramani ya kaunti haifundishiki kwa maneno matupu, hata kwa huyo wa masikio. Tofauti ya "thamani" na "dhamana" lazima isikike, tena itamkwe. Sehemu katika hisabati huwa nyepesi watoto wakikunja karatasi: nusu, robo, thumni. Darasa zima likunje, si wale "wa vitendo" peke yao. Mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi 2019, umeleta vitendo vingi, na hivyo ni vya kila mwanafunzi.

Ubaya wa lebo hizi ni kwamba mtoto huzishika. Akiambiwa si wa kusoma, ataacha kitabu.

Nyumbani, mwambie afunge daftari, aeleze alichojifunza. Baada ya siku mbili tatu, muulize tena.